Mabunda Tisa Yalitoka Butembo

Ndugu zangu wa shirika la Vulindi hapa Butembo, tangu nirudi mnakuja nyumbani kwangu mmoja mmoja baada ya sala, huyu na ndizi, yule na maharage, na kila mmoja anaondoka akisema, "Wasingya, Tata, umeokoa kitabu." Kwa ndizi na maharage ninawashukuru, maana mvua ilinikuta sijalima. Shukrani hiyo nyingine siwezi kuipokea. Nimeona niandike yote, kituo baada ya kituo, kisha kila mtu aamue mwenyewe kama atanishukuru. Habari za barua na mihuri ninaziacha. Zilichukua miezi na hazina utamu.

Butembo

Wengi wenu hamkukiona kitabu chenyewe. Kilikaa sakristiani katika sanduku la bati, kimezungushiwa kitambaa cha altare kilichochakaa. Padre wetu mzee, yule aliyenifundisha Kilatini nikiwa kijana na aliyezikwa kabla vita havijaanza, ndiye aliyekuja nacho kutoka Ulaya. Ni kitabu cha sala za watawa, kilichoandikwa kwa mkono miaka kama mia saba iliyopita. Hakina karatasi. Kurasa zake ni ngozi ya ndama iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyembamba. Jalada lake lilikuwa mbao mbili zenye vifungo vya shaba, na ndani mlikuwa na mabunda tisa ya kurasa, kila bunda limekunjwa na kushonwa peke yake, kisha yote tisa yameshonwa pamoja mgongoni.

Bunda nililolipenda lilikuwa la kwanza, la kalenda. Kurasa sita za ngozi, mwaka mzima siku kwa siku, sikukuu kubwa kwa wino mwekundu na siku nyingine kwa mweusi. Pembeni mwa siku, kwa mikono tofauti na herufi ndogo, watawa walikuwa wameandika majina ya wenzao waliofariki siku hiyo. Siku hii alifariki ndugu fulani, mpishi. Siku hii alifariki ndugu fulani, mfuga nyuki. Siku ile ikirudi mwaka unaofuata, jina linasomwa na marehemu anaombewa. Padre alinifundisha kusoma kwa majina hayo, na mpaka leo mpishi yule ninamkumbuka kama jirani.

Kabla ya kufa, Padre alinishika mkono akaniambia kitabu kisiozee sandukuni, watu wakisome. Nilimwahidi. Kisha vita vikaja, na tukasikia kwamba katika parokia nyingine vitabu vya kanisa vilichanwa vikawa vya kufungia mandazi. Ndipo ikafika habari kwamba mtaalamu kutoka Ulaya angekuwa Beni kwa wiki mbili na mashine ya kupiga picha vitabu vya kale, ukurasa kwa ukurasa, ili mtu yeyote duniani mwenye ordinateri, yaani kompyuta, akisome. Waliomtuma hawakumruhusu apite barabarani mpaka Butembo. Kwa hiyo kitabu ndicho kilipaswa kwenda kwake.

Paroko aliniuliza kama miguu yangu ingeweza. Nilijibu kwamba kwenye lori miguu haifanyi kazi. Nikakifunga kitabu kwa plastiki, nikakiweka chini ya viazi ndani ya mfuko, na asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya misa, nikapanda lori la maharage. Wakati wa amani ni safari ya nusu siku.

Maboya

Tulifika Maboya, na dereva akazima injini. Watu waliokuwa wakipanda kutoka chini walisema kuna kizuizi kipya kabla ya Kantine, na waliokiweka hawajulikani vizuri. Dereva akasema yeye ana batoto na lori halina. Tukakaa siku nne.

Familia moja ya Waprotestanti ilinipokea. Watu wema, wenye sala ndefu mpaka ugali unapoa. Siku ya Ijumaa waliweka mezani samaki wa ziwani mwenye harufu ya kumwita mtu kutoka mbali, kisha mbele yangu wakaniwekea sahani ya lenga-lenga peke yake. Mzee wa nyumba alinieleza kwa heshima kwamba wanajua Wakatoliki wana mwiko wao wa Ijumaa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwiko ule haumhusu samaki. Nilikula majani nikiwaangalia, na nikamshukuru Mungu kwa majani.

Pale ndipo nilipomfahamu kwa karibu Mama Kavira wa hapa Vulindi. Alikuwa muuza sabuni, mjane, mwenye sauti ya kuita wateja hata anapoomba maji. Tulikuwa naye katika lori pamoja na wanawake wengine saba wafanyabiashara. Siku ya pili niliwaona wakifanya kitu ambacho wengi wenu, mnaouza na kununua, mnakijua, lakini mimi mwalimu wa dini sikuwahi kukiangalia kwa karibu. Walifungua mizigo yao yote wakaigawa. Sabuni za Kavira zikaingia katika vikapu vinane, chumvi ya mwingine vivyo hivyo, vitenge vya mwingine hivyo hivyo, mpaka kila mmoja akawa amebeba kidogo cha kila mtu. Njiani anayenyang'anywa ananyang'anywa sehemu tu ya kila mmoja, na hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Kavira aliuona mfuko wangu jinsi nilivyoulalia.

"Tata, mu ile sac iko viazi ya namna gani, yenye unalala nayo kama bibi?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia ukweli, maana sikuona sababu ya kumficha. Akataka kukiona. Aliifuta mikono yake kwenye kitenge kabla ya kugusa, na aliponiona nafungua kalenda akauliza yale majina madogo ni ya nani. Nikamweleza. Akasema watu wale walikuwa na akili, maana kwetu siku hizi tunazika mpaka tunasahau nani alitangulia.

Halafu akaniambia, "Lakini wewe, Tata, dini walikufundisha, safari hapana. Ule mwenye kubeba kitu yote peke yake, banamunyang'anya yote peke yake."

Nilikataa. Kitabu si sabuni. Siku ya tatu akapita mtu mmoja akipanda kwa miguu kutoka chini, hana viatu, hana shati, akasema wanachukua kila kitu chenye umbo la sanduku, wakidhani ni dhahabu au fedha. Usiku ule sikulala. Asubuhi niliomba wembe. Nilisali kwanza, kisha nikakata nyuzi za mgongo ambazo mtawa fulani alizikaza miaka mia saba iliyopita. Zilikatika kwa urahisi, na urahisi ule uliniuma.

Mabunda tisa. Wanawake wanane na mimi. Nilitaka kubaki na bunda moja, lakini Kavira alisema mzee mwenye mfuko ndiye atakayepekuliwa kwanza, nibaki na mbao zenye shaba, wapate cha kuchukua waridhike. Mmoja wao akabeba mawili. Kavira mwenyewe aliomba kalenda. Alisema anataka kubeba yule mpishi. Akaizungusha tumboni juu ya ngozi yake na kuifunga kwa kitenge.

Mteremko kabla ya Kantine

Siku ya tano baada ya Watakatifu Wote, dereva alikubali kushuka.

Walikuwa vijana tisa au kumi wenye silaha. Sitasema ni wa upande gani. Siku zile pande zilikuwa nyingi kuliko njia, na nguo zao hazikufanana hata wao kwa wao. Walitushusha wote. Mfuko wangu ulifunguliwa wa kwanza, kama alivyosema. Mmoja alizitoa mbao akauliza kwa Lingala, "Eloko nini oyo?" Nikamwambia ni jalada la kitabu cha kanisa. Akakwangua shaba kwa kisu, akacheka, akaliweka pembeni kwenye fungu lao. Moyoni nilimshukuru Mungu na Mama Kavira. Nilidhani imekwisha.

Wakapekua vikapu. Sabuni ikaenda, chumvi ikaenda, kidogo kidogo. Bunda lililokuwa chini ya dagaa hawakuligusa. Kisha mmoja alimpapasa Kavira tumboni, akasikia kitu kigumu, bapa. Akamwambia afungue.

Wakamwita mkubwa wao. Alikuwa amesoma kidogo. Aliikunjua kalenda juu ya tairi la lori, akaona tarehe, akaona mistari myekundu na myeusi, akaona majina, mengine kwa wino huu na mengine kwa wino ule.

"Hii ni liste," akasema. "Liste ya nani?"

Kavira hakuwa mtu wa kusema uongo. Angeweza kusema ameokota. Alisema kile nilichomfundisha.

"Ni majina ya bafu, mukubwa. Siku mutu alikufa, banaandika, banamuombea."

"Bafu gani? Ya kwetu?"

Alieleza kwamba wafu hao ni Wazungu wa zamani, watawa. Yule mkubwa akauliza muuza sabuni anapeleka wapi majina ya watawa Wazungu, na nani amempa. Siku zile walikuwa wamepoteza wenzao katika mapigano, na mtu anayepita na orodha ya waliokufa na siku zao alikuwa mpelelezi tu, hapakuwa na jina lingine. Akarudia mara ya pili, "Nani alikupa?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama hatua kumi. Nilikuwa na Kilatini chote cha kusoma kila jina katika orodha ile. Nilikuwa na mvi, na msalaba shingoni, na barua ya paroko mfukoni. Nilijiambia kwamba nikisema ni yangu, watawapekua upya wanawake saba, wataona mabunda manane, na watu tisa watakufa badala ya mmoja. Huenda ilikuwa kweli. Lakini nilijiambia pia kwamba kitabu kitapotea chote, na hilo lilikuja kwanza. Ninawaandikia mjue mawazo yale yalivyofuatana.

Kavira aliangalia chini. Hakuangalia upande wangu hata mara moja, maana kuangalia kungekuwa kunitaja. Akasema, "Nilipewa na mutu ya Mungu, haiko hapa."

Walimpeleka nyuma ya migomba. Sisi tuliamriwa kupanda na kuondoka. Injini ya lori lile ilikuwa na kelele sana, na mpaka leo sijui kama nilisikia kitu au sikusikia.

Beni

Kule chini kuna joto. Tulipofika, wanawake walinisindikiza mpaka mlango wa nyumba ya mapadre, na pale uani kila mmoja alitoa bunda lake akaniwekea mikononi. Moja lilikuwa na doa la mafuta, moja lilinuka dagaa. Kisha wakaketi chini wakaanza kumlilia Kavira, na mimi nimesimama na ngozi zangu kama mtu anayechukua nguo kutoka kwa fundi.

Mtaalamu alikuwa mtu mpole, mrefu, ngozi imeungua na jua. Msaidizi wake alikuwa kijana wa Beni aliyeitwa Kasereka, aliyeendesha mashine na kutafsiri maneno. Yule Mzungu alivaa glavu, akapokea bunda moja, akaona nyuzi zilizokatwa. Uso ulimbadilika. Alisema maneno mengi kwa sauti ndogo.

Kasereka akanigeukia. "Tata, anauliza nani alikata. Anasema ile mushono ilikuwa na habari yake. Mushono na mbao, ndiyo ingeonyesha kitabu ilitengenezwa pahali gani."

Nilidhani wanatafuta maneno. Miaka yote niliamini kitabu ni maneno yake, na ngozi na nyuzi ni nguo tu. Nikasema ni mimi niliyekata, na nikasema kwa nini.

Akahesabu. Akauliza kalenda iko wapi, maana barua zetu ziliitaja, na majina yale ndiyo yangemwambia ni nyumba gani ya watawa. Nikamwambia. Kasereka alitafsiri polepole. Mzungu alivua glavu, akaketi, akafunika uso. Alisikitika kwa kweli, na alinishika bega. Lakini baada ya muda aliuliza kama inawezekana kumtuma mtu kule akazitafute zile kurasa sita.

Niliyageukia mabunda nikaanza kuyapanga. Kasereka aliinamia mashine yake.

Kazi ilichukua siku tatu. Taa mbili, kitambaa cheusi, ukurasa mmoja mmoja, na nje jenereta inaunguruma kama mgonjwa. Mimi nilipanga mabunda. Watawa wale, mwishoni mwa kila bunda, chini kabisa, waliandika neno ambalo bunda linalofuata litaanza nalo, ili mshonaji asikosee. Nilifuata neno kwa neno, na mabunda manane yakajipanga. Picha zilitokea kwenye kioo zikiwa kubwa na safi kuliko kitabu chenyewe. Niliona matundu ya vinyweleo vya ndama. Niliona herufi moja ambayo kwa miaka hamsini niliisoma vibaya. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto, na saa ileile sauti za matanga ya Kavira zilikuwa zikifika dirishani kutoka nyumba ya tatu.

Siku ya mwisho walijaza maelezo ya kitabu ndani ya mashine. Mahali pa upungufu Kasereka aliandika kwamba kurasa sita za mwanzo zimepotea kwa sababu ya vita. Nilimwomba aandike jina la aliyekuwa nazo. Walizungumza wao wawili kwa muda.

"Tata, iko nafasi ya mwandishi, ya mwenye kitabu, ya mushonaji. Ya mwenye kubeba, haiko."

"Itengenezwe."

"Anasema atauliza kule kwao."

Mavivi

Niliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Mavivi. Ndege haikuja siku ya kwanza. Tuliketi chini ya bati, tukala ndizi makemba za kuchoma na parachichi, na Mzungu akaniambia kupitia Kasereka kwamba angeweza kukichukua kitabu kikahifadhiwe salama mahali penye ukame na walinzi. Hakunilazimisha. Nilifikiri usiku kucha, na kesho yake nikamwambia hapana. Kitabu kilikuwa kimepita katika mikono ya wanawake wanane. Sikuona ninaweza kurudi Butembo mikono mitupu nikaonane na nyumba ya yule wa tisa.

Hilo hakulielewa, kwa sababu nililisema vibaya. Wanawake walikuwa wanane, naye Kavira mmoja wao. Wa tisa nilikuwa mimi.

Alinipa sahani ndogo inayong'aa, akasema kitabu chote kimo humo. Kasereka akanipongeza, akasema sasa dunia yote itakisoma. Nikauliza kama na Butembo, ambako hakuna umeme.

"Butembo nayo, Tata. Siku itapata courant na ordinateri."

Tukacheka wote wawili, yeye kunizidi kidogo.

Kurudi

Kizuizi kilikuwa kimeshaondolewa. Ilibaki alama ya moto na maganda ya ndizi. Nilimwomba dereva asimame. Mama mmoja wa pale, muuza matunda ya marakuja, aliniongoza nyuma ya migomba. Wao wenyewe, watu wa pale, walimzika Kavira baada ya wale vijana kuhama, kwa sala ya Waprotestanti, na wakaweka msalaba wa matete. Msalaba haukuwa na jina, kwa sababu hawakulijua. Nikawaambia. Kuhusu zile kurasa, yule mama alisema vijana walizitia motoni wachemshe chai, zikakataa kuwaka. Zilijikunja na kunuka kama ngozi ya mnyama, wakaogopa wakazitupa mtoni.

Butembo sikwenda kanisani kwanza. Nilikwenda kwa Masika, binti mkubwa wa Kavira. Nilimweleza yote, na hatua kumi, na kimya changu. Alinisikiliza akichambua maharage, mkono haukusimama. Mwishoni aliuliza kama yale majina yalikuwa ya watu wetu. Nikasema hapana, ya Wazungu wa zamani sana.

"Donc mama alikufa sababu ya bafu ya bengine."

Nimelibeba neno hilo katika sala kila siku tangu hapo.

Kitabu kimerudi sandukuni bila mbao. Mwishoni mwake kuna ukurasa mmoja wa ngozi ambao watawa waliuacha mtupu. Mtaalamu alituagiza tusikiguse kitabu kwa kalamu kamwe. Wiki iliyopita nilichukua kalamu ya paroko ya daftari la ubatizo, nikaandika, kwa Kinande, lugha yetu, ili Masika aweze kusoma, kwamba siku ya tano baada ya Watakatifu Wote alifariki Kavira, mama wa Masika, muuza sabuni wa Vulindi, akibeba kitabu hiki. Niliandika alikokuwa akikaa na kazi yake, maana kwetu kila nyumba ina Kavira wake.

Masika alikuja akasoma. Alifuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, kisha kidole kikabaki pale palipokuwa patupu.

"Andika pia kwamba mwenye kitabu alikuwa hapo."

Nimeandika. Wino umekauka, na ngozi haifutiki bila kukwanguliwa. Picha zimekwisha kwenda duniani bila mistari hiyo miwili. Mnaotaka kunishukuru, ombeni ufunguo kwa paroko, mfungue ukurasa wa mwisho, msome kwanza.